Behewa Lililojaa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimechovya miyaa ya kusukia mara tatu tangu asubuhi na mara zote tatu rangi imetoka chafu. Mama ameniuliza kama naumwa. Nimesema ni jua. Si jua.

Nafasi yangu ya Chuo Kikuu si yangu. Sijamwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu kukaa nayo kichwani kumenichosha.

Hesabu ni hii. Msichana yeyote anayeomba Chuo huongezewa pointi moja na nusu. Ni sheria ya miaka michache tu. Waliiweka kwa sababu wasichana walikuwa wachache mno pale mlimani, kilipo Chuo. Mimi na Kashim tuliomba kozi moja, Sheria, kwa udhamini wa serikali. Kashim ni pacha wangu. Alinitangulia kuzaliwa kwa robo saa, na kwenye mtihani alinitangulia tena. Ukikokotoa uzito wa kila somo, amenizidi pointi moja kamili. Mstari wa kuingilia kozi yetu umepita juu ya kichwa chake kidogo tu, sehemu mbili za kumi. Mimi bila nyongeza niko chini yake. Pamoja na nyongeza, nimeuvuka.

Orodha ilitoka gazetini Jumamosi. Jina langu lipo. La Kashim halipo. Nyumbani wote wanaamini nimemshinda, maana masomo yetu ni tofauti na hakuna anayejua kuyalinganisha. Baba anajua jina lipo au halipo, basi.

Nimewaacha waamini. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko pointi zenyewe.

Nimekokotoa mara nne. Jibu ni lile lile.

Jumatano, 7 Agosti

Baba amebandika gazeti ukutani, juu ya redio.

Baba ni karani wa mabehewa Port Bell, bandari ya Kampala. Mabehewa ya reli huingizwa ndani ya meli na kuvushwa ziwa, na kabla hayajaingia Baba huyapitia na chaki. Lililojaa huandikwa F, kwa Kiingereza. Lisilo na kitu lingeandikwa E, lakini E ya chaki ikinyeshewa hupoteza mguu wa chini ikawa F. Kwa hiyo makarani walikubaliana kuandika M. Mtupu. Kiswahili sahihi ni behewa tupu, na Baba anajua, maana amekulia Kenya na hutusahihisha mpaka tukiwa tunakula. Lakini bandarini kila kitu ni mtupu.

Sasa gazetini, mbele ya kila jina, kuna herufi moja. F kwa mwanamke, M kwa mwanamume. Baba amesoma magazeti miaka mingi, anajua maana yake. Ila utani umemnogea.

Leo mwanamke muuza mkaa amesimama mlangoni. Hapa Namuwongo wazazi wa mapacha huitwa Salongo na Nalongo, hata kama ni Wanubi kama sisi. Akapaza sauti: "Salongo, webale kusomesha!" Ndivyo wanavyompongeza mzazi hapa, asante kwa kusomesha. Baba akamvuta mpaka ukutani.

"Soma mwenyewe, nyabo. Mastula, F. Behewa limejaa, linangoja meli tu!"

"Na hawa wengine?"

"M, M, M. Matupu yote hayo!"

Wakacheka. Kashim alikuwa kizingitini anashona kiatu. Naye akacheka. Kwa mdomo tu. Kashim hayumo hata kwenye hizo M.

Jambo lingine, nimeona aibu kulifurahia lakini nimelifurahia. Maisha yangu yote Baba husema "Kashim na mwenzake". Kashim na mwenzake wamekula? Kashim na mwenzake wamerudi? Leo ametaja jina langu kwa mtu baki. Kwa sauti.

F hiyo hiyo ndiyo iliyoniingiza. Baba angejua alivyosema kweli.

Ijumaa, 9 Agosti

Kashim amenipa jina jipya. Wakili. "Wakili, nipe chumvi." "Wakili, sogea." Hasemi kwa ubaya. Wala hasemi kingine.

Nimesuka kawa nusu, nikafumua. Mizunguko haikulingana.

Jumapili, 11 Agosti

Dua ya shukrani. Shehe alisoma, tukala pilau, jirani wakaenda. Akabaki Mjomba Rajabu.

Mjomba ni kaka yake Mama. Anakaa kwenye maghorofa ya Bugolobi, peke yake, na vitabu. Alisoma Chuo miaka ya sitini kisha akaitumikia serikali mpaka alipostaafu. Kwenye ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza kupanda kilima kile, na hadi Jumamosi ya ile orodha alikuwa wa pekee. Nilipokuwa mdogo nilidhani digrii ni ugonjwa wa heshima, kwa jinsi watu walivyoinuka akiingia.

Amekuja na mfuko. Ndani mlikuwa na joho jekundu, lile la wanafunzi wa zamani. Limetobolewa na nondo begani. Amenivisha mbele ya wote. Lilinifika kwenye vifundo. Nilitazama zulia.

Halafu akasimulia, na namwandika alivyosema kwa sababu anasimulia vizuri.

"Sisi tulikuja kutoka Zanzibar, kutoka Nyasaland, kutoka Tanganyika yote. Kwenye shule yangu tulichukuliwa wawili. Wawili! Asubuhi yai, shuka safi kila wiki, na usiku unakula chakula umevaa joho kama kadhi. Ukitembea mjini watu wanasema, yule, wa mlimani."

Kisha ikaja miaka mibaya. Walimu wakavuka mpaka mmoja mmoja. Maji yakakatika. Anamjua profesa aliyefuga kuku bafuni. "Lakini hata hapo," akasema, "kuku au si kuku, kuingia ilikuwa shida. Sifa ilibaki."

"Na sasa?" Mama akauliza.

"Sasa wanauza. Orodha ya kulipia, masomo ya jioni. Mtu anatoka dukani kwake saa kumi na moja, anapanda, anakuwa msomi. Chuo kimejaa! Kimejaa kama soko!"

"Kikijaa ndipo meli huondoka, shemeji," akasema Baba.

Mjomba hakucheka. Yeye hakujua, au alijua, kwamba Mama alimjazisha Kashim fomu ya kulipia tangu Machi, akiba endapo ya serikali ingekataa. Masomo ya jioni. Kashim aliinuka akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana kwa mtu aliyekwisha nawa.

Mjomba akanigeukia. "Wewe umeingia kwa mlango wa mbele. Kama mimi."

Nikaanza kukusanya sahani.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo nimeona kitu ambacho hakikuwa changu kukiona.

Nilitumwa sokoni kununua rangi. Nikasahau mfuko, nikarudi. Pazia la chumba halikufungwa vizuri. Mama alikuwa amevaa joho. Juu ya gauni lake la kazini, lile lenye madoa ya rangi. Alikuwa ameshika ncha mbili kifuani na anajitazama kwenye kioo kidogo cha Baba cha kunyolea ndevu, kwa hiyo alikuwa akijiona kipande kimoja kimoja. Bega. Kisha bega lingine. Kisha akakishusha kioo aone upindo.

Nilirudi nyuma bila viatu kulia. Nikaenda sokoni bila mfuko. Rangi nimeibeba mikononi, na mpaka sasa viganja vyangu ni vya zambarau.

Alhamisi, 15 Agosti

Mama amesema leo, akiwa anasuka. Sikumuuliza. Labda aliniona juzi. Labda viganja vilinisaliti.

Amemfuata Mjomba kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Walianza shule pamoja kwa sababu Mama alikataa kubaki nyumbani peke yake, alilia mpaka Babu akachoka. Wakakaa darasa moja. Mama alikuwa akishika namba moja, Mjomba wa nne, na hesabu za kugawanya ni Mama aliyemfundisha, kwa mbegu za papai. Walipofika darasa la sita Babu akasema msichana inatosha. Pensheni yake ya uaskari haikuweza kusomesha wawili.

Mwaka uliofuata sekondari ilichukua watatu kutoka shule ile.

"Wa kwanza hakufanya mtihani," Mama akasema. "Kwa hiyo wa nne akakuwa wa tatu."

Alisema hivyo tu. Akaendelea na mzunguko. Kiswahili cha Mama ni cha Kampala, Baba humcheka. Leo sidhani kuna mtu angemsahihisha.

Nilitaka kumwambia pale pale. Mama, na mimi ni wa nne niliyekuwa wa tatu. Mdomo ulifunguka. Nikamuomba anipitishie mkasi.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama amevaa gomesi yake ya Idi, lile gauni refu la Kiganda, na kwenda Bugolobi kwa miguu, amebeba joho limekunjwa kwenye mfuko. Amerudi saa nane bila joho.

Akamwambia Baba: "Rajabu atalipia Kashim. Jioni. Mpaka amalize."

Baba akauliza Mama amesema nini hata Mjomba akakubali, mtu anayeyachukia masomo ya jioni kama ukafiri.

"Nimemuuliza kama anakumbuka mbegu za papai."

Baba hakuelewa. Mimi nimeelewa na nimekwenda nyuma ya nyumba kulia.

Nimefikiri siku nzima. Mjomba anasema zamani Chuo kilikuwa na sifa kwa sababu kilichukua wachache walio bora. Lakini kilichukua wachache walioletwa. Wa kwanza wa darasa lao hakuitwa ukumbini, hakufeli, hakukataliwa. Hakuna orodha yoyote yenye jina lake. Je, sifa ile ilitoka kwa walioingia, au kwa wingi wa walioachwa nje? Na wakiingia wengi sifa inapotea, ilikuwa sifa ya nini basi?

Mimi mwenyewe nilipoona jina langu Jumamosi ile nilifurahi zaidi kwa kuona orodha ni fupi. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 20 Agosti

Orodha ya kulipia imebandikwa Chuoni. Tumekwenda na Mama, Kashim alikataa kuja. Ile ya serikali ilikuwa imetosha kwenye ubao mmoja. Hii imezunguka ukuta wa jengo zima, na watu wameizunguka kama nyuki. Wanaume wazima wenye mikoba. Mwalimu mmoja wa msingi, kwa umri wake angenizaa. Muuguzi amekuja na sare yake. Alipoona jina lake aliketi chini, kwenye nyasi, akavua viatu.

Nilimtazama yule muuguzi na sikuona soko.

Kashim yupo. Sheria, jioni. Mama aliligusa jina kwa kidole.

Nyumbani mambo yakaharibika. Baba alikuwa amechoka, alifurahi kweli, na mtu akifurahi amechoka husema lililo karibu na ulimi. Akamuuliza Kashim: "Na wewe wamekuandika nini? M?" Akacheka. "Haya, mtupu wetu naye ameitwa kupakiwa!"

Kashim akaweka sahani chini taratibu. Akasema kesho ataondoka na Baba alfajiri, amesikia wanatafuta karani wa muda bandarini. Fomu ya kukubali nafasi akaichomeka chini ya redio. Mama akasema fomu inatakiwa mwisho Ijumaa ya tarehe thelathini. Kashim akasema bandarini pia kuna tarehe.

Baba amebaki anatazama mikono yake. Hajui alichofanya. Mimi najua. Si Baba aliyefanya.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku ya nne Kashim yuko kazini. Anarudi na chaki kwenye nyusi. Analala kabla ya Isha.

Fomu iko chini ya redio. Baba akibadilisha stesheni inasogea.

Nimejiambia nitasema leo. Sikusema. Mimi ni mwoga. Watu huniita mpole, lakini si upole.

Jumapili, 25 Agosti

Sikusema.

Jumatano, 28 Agosti

Nimesema.

Baba alisahau chakula chake. Namjua, hasahau. Nadhani Mama alikificha. Nikapewa bakuli niende Port Bell.

Nimeteremka Luzira, nikapita ukuta wa gereza bila kuutazama, kama kawaida yangu. Ziwa halionekani, ni magugu maji tu, kijani mpaka upeo, na meli imekaa katikati yake kana kwamba imeegeshwa shambani. Baba alikuwa ofisini na makaratasi. Kashim alikuwa kwenye reli peke yake, ameshika chaki, anaandika mabehewa.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yalitoka mawili.

"Kashim, ulinizidi."

"Pointi moja," akasema. Hata hakugeuka.

Alijua. Alikokotoa Jumamosi ile ile, pembeni mwa gazeti, upande wa nyuma, kabla Baba hajalibandika. Nambari ziko ukutani mpaka leo, chini ya gundi. Siku zote hizi nimekula, nimelala, nimesuka chini ya hesabu yake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Nimeshindwa na nukta?" Akajifuta jasho, akazidi kujipaka chaki. "Halafu wewe. Miaka kumi na tisa unaitwa mwenzake. Mwezi huu Baba ametangaza jina lako mpaka muuza mkaa amelihifadhi. Ukimwambia, Jumatatu unarudi kuwa mwenzake."

"Nitamwambia hata hivyo. Ili ajue wewe si mtupu."

"Ukimwambia, Wakili, mimi jioni siendi. Nakuapia."

Sikujua kama alikuwa amekasirika. Nikamwuliza, basi kwa nini hataki kwenda, kama anajua kwamba anaweza. Halafu akasema kitu ambacho sikutegemea kwa Kashim. Kwamba ukipitia mlango wa nyuma unajua mwenyewe, hata asipojua mtu. Kwamba akiketi pale atajiona kama anasikiliza masomo ya watu wengine.

Ni hivyo hivyo ninavyojiona mimi. Neno kwa neno. Mimi wa mlango wa mbele.

Nikamwambia habari za Mama. Mbegu za papai, darasa la sita, wa kwanza ambaye hakufanya mtihani. Hakuwa anajua.

"Mama alikuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza. Mjomba wa nne."

Akaketi kwenye reli. Nikaketi pia. Wapagazi walikuwa wanamaliza kupakia behewa mbele yetu, magunia ya kahawa, wanaimba na kutukanana. Mmoja akanifokea, "Dada, hiyo reli si sofa!" Walipofunga mlango, ubavuni palikuwa na M ya asubuhi. Kashim akainuka. Akaifuta kwa mkono wa shati na kuandika F. Ni kazi yake, analipwa kwa hiyo. Akabaki amesimama na mkono umeinuliwa, kama mtu aliyeitwa jina.

Hatukutazamana. Nikaacha bakuli la Baba juu ya jiwe.

Ijumaa, 30 Agosti

Asubuhi redio ilikuwa imekaa sawa juu ya meza. Chini yake hapana kitu.

Kashim ameomba ruhusa ya muda wa saa mbili kazini, apeleke fomu Chuoni. Baba mwenyewe ndiye aliyemwombea. Mama mchana amepika maharage na samli, na leo si sikukuu.

Kazi hataiacha. Mchana chaki, jioni Chuo. Ndiyo maana ya masomo ya jioni, kumbe. Yametengenezwa kwa mtu ambaye mchana ana mahali pa kuwa. Nimekumbuka yule muuguzi ameketi kwenye nyasi.

Jumatatu, 16 Septemba

Mjomba amekuja. Alimpa Kashim kalamu yake ya wino. Si joho. Joho amesema limebaki nyumbani kwake, "lina mwenyewe", na akamtazama Mama. Mama akamwongezea chai.

Amezeeka ghafla, Mjomba. Au mimi nimeacha kutazama zulia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wiki ya pili Chuoni. Ukumbi wetu ni mkubwa, una viti vya mbao virefu vilivyong'aa kwa makalio ya miaka yote hiyo. Ya Mjomba pia, huenda. Sasa tunakaa watano pale palipokuwa pa watatu. Mikono inagongana tukiandika. Wenye kuchelewa husimama. Mhadhiri akiuliza swali, huwezi kujificha kwa sababu ya jirani yako, na huwezi kuonekana kwa sababu ya wingi. Inanifaa.

Wavulana wa safu ya nyuma wametupa jina wasichana wote. Juzi mmoja aliniita mlangoni: "Habari yako, Moja Nukta Tano?"

Nikamjibu, "Nzuri, Sifuri."

Sijui lilitoka wapi. Wenzake walicheka mpaka wakaketi. Mimi nilitembea haraka sana mpaka chooni. Ni mara ya kwanza nimeisikia hiyo nyongeza bila kuona aibu. Wameniongezea moja na nusu. Mama walimpunguzia darasa zima. Siku moja nitakaa nizikokotoe zote mbili pamoja.

Nikitoka saa kumi na moja, wa jioni wanaingia. Ni ukumbi ule ule, mhadhiri yule yule, amechoka zaidi. Wengine wa mchana huwazomea ngazini, "Wa jioni hao! Fungeni maduka!" Kashim hupita katikati yao na chaki kwenye nyusi. Mimi humpa madaftari yangu, naye hunipa mfuko wa chakula wa Baba nirudishe nyumbani.

Viti vya mbele hugombaniwa. Jumatatu nilimwachia changu. Ili akijue, niliandika kwa chaki chini ya ubao wa kuandikia, pale kidole kinapofika bila jicho kuona. F. Sikumweleza. Nilimwambia apapase.

Jana asubuhi nilipapasa. Vumbi la chaki lilinibaki kidoleni kwenye sehemu mbili. Nikainama kama mtu aliyeangusha kalamu.

Yangu ilikuwepo. Pembeni yake ameandika nyingine. F.

Nyumbani gazeti bado liko ukutani, limeanza kuwa la njano. Baba bado huwaonyesha wageni. Jina langu la kwanza siku hizi ni Mastula, anasema muuza mkaa, la pili ni Behewa. Na chini ya gundi ziko nambari za Kashim, wala hakuna anayeziona.

Basi tunajua watatu. Mimi, Kashim, na wewe uliyefungua daftari hili. Sikujui, na hukutumwa. Lakini kama umefika ukurasa huu, nakuomba: ukimkuta Baba mlangoni anasoma ile herufi kwa sauti, mwache amalize. Usimwambie.